Ukiniokota, Mpigie Baba Nakiete

Bwana asifiwe. Ketini, wapendwa.

Kila Jumapili mzee wa zamu husimama hapa mbele na kuwaambia mzime simu. Na kila Jumapili kuna mmoja wenu ambaye yake hulia katikati ya sala, tena kwa wimbo ambao siwezi kuutaja nikiwa nimevaa kanzu hii. Leo msizime. Ziacheni kama zilivyo. Sababu yake nitaisema mwishoni, na asiyependa kungoja avumilie tu, mahubiri hayajawahi kumuua mtu.

Kulikuwa na baba mmoja, kule kwenye miji ya juu yenye baridi, ambaye Mungu alimjalia binti mmoja tu. Mkewe alifariki mtoto akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, naye hakuoa tena. Alimlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, ovyo ovyo, mpaka akina mama wa jirani wakamhurumia mtoto wakawa wanamfumua na kumsuka upya. Jina lake la kwenye kitambulisho halitusaidii kitu. Watu walimwita kwa jina la mwanawe, kama tunavyoitana sisi sote hapa. Walimwita Baba Nakiete.

Baba huyu alikuwa na mchezo wake, mchezo wa kurusha visahani. Naona mnacheka. Na mimi nilicheka. Ni visahani vya plastiki ngumu, vipana kidogo kuliko sahani ya chai, na mchezaji anavirusha katikati ya miti mpaka kimoja kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Anayefika kikapuni kwa mirusho michache ndiye anayeshinda. Mchezaji habebi kisahani kimoja. Anabeba mkoba mzima, kwa sababu kuna vya kwenda mbali, vya kupinda kulia, vya kupinda kushoto, vya upepo, na vile vya ukingo mnene vya kumalizia. Sasa, kisahani kikiwa kipya ni kikaidi, kinapinda kinavyotaka chenyewe. Kikishagongana na miti miaka na miaka kinalainika, kinakuwa mtiifu, ukikituma kichakani kinapita. Wachezaji hukipenda hicho kuliko kipya.

Na wana desturi moja. Kisahani kikirushwa vibaya huishia majanini au ng'ambo ya ua wa watu. Kwa hiyo kila mmoja huandika jina lake na namba ya simu mgongoni mwa kisahani, kwa wino usiofutika kwa maji, ili atakayekiokota ajue pa kukirudisha.

Siku moja baba huyu alinunua visahani viwili vya kijani, mapacha, kimoja chake na kimoja cha binti. Akaketi barazani kuandika. Binti hakuwa amejua kusoma bado.

"Umeandika nini, baba?"

"Nimeandika: Ukiniokota, mpigie Baba Nakiete. Halafu namba yangu."

"Ni nani anayesema hivyo? Kisahani?"

"Ndiyo, kisahani. Kikipotea kitasema chenyewe."

Mtoto akafikiri. "Na mimi nikipotea?"

"Na wewe utawaambia hivyo hivyo," baba akasema, akaupuliza wino ukauke. Mtoto akakariri namba ile siku hiyo hiyo, akaiimba nyumba nzima mpaka baba akamwomba anyamaze.

Wakakua pamoja, maana wazazi nao hukua. Jumamosi walikuwa uwanjani, Jumapili kanisani, yeye akiimba besi na binti akiimba sauti ya kwanza. Watu wakasema, wale si baba na mtoto, wale ni kidole na pete.

Halafu binti akapenda. Akampenda mtu ambaye baba yake hakumtaka. Sababu za baba, nyingine zilikuwa za haki na nyingine zilikuwa wivu tu wa mtu aliyezoea kuwa na mtoto peke yake, na sisi wazazi tunajua jinsi hizo mbili zinavyoweza kuvaa nguo moja. Walibishana wiki nzima. Siku ya mwisho binti akasimama mlangoni na begi lake, na kisahani cha kijani kimechomoza mfukoni mwa begi. Baba akamwambia, "Ukivuka hicho kizingiti, usinitafute."

Akavuka. Alikuwa mtoto wa baba yake, kiburi alikitoa wapi kwingine?

Yule mwanamume hakumaliza naye mwaka. Alimwacha katika mji wa bondeni, kwenye chumba cha kupanga, akaenda zake. Na hapo ndipo simu ya baba ilipoanza kulia. Aliona jina la mwanawe kwenye kioo, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Ikalia kesho yake. Akaigeuza. Baadaye zikaanza kuja namba asizozijua, na siku moja akapokea moja akidhani ni watu wa mashindano.

"Baba, shikamoo."

Wapendwa, mtoto akikwambia shikamoo, unajibuje? Semeni kwa sauti, kwani si mnajua? Hata adui yako akikuamkia unaitikia. Hata mlevi njiani, hata mtoto wa mtu uliyegombana naye kisimani, unaitikia kwanza, ugomvi unafuata baadaye. Baba huyu alikaa kimya. Alisikia pumzi ya mwanawe ikingoja upande wa pili. Akakata.

Mtauliza, mbona binti hakupanda basi akarudi nyumbani? Nitawaambia. Mtoto aliyefukuzwa haanzi kwa miguu, huanza kwa simu. Anataka kwanza asikie sauti ya nyumbani imekaaje. Ile shikamoo ilikuwa ni hodi. Hakuambiwa karibu, basi akabaki nje.

Baada ya simu hiyo baba hakulala vizuri. Aliumia, msidhani hakuumia. Lakini badala ya kutibu kidonda alifukuza nzi. Akaenda kununua laini mpya. Ile ya zamani akaivunja kwa vidole viwili, akaitupa kwenye majivu ya jikoni, akajiambia kwamba sasa atapumzika.

Msimu wa mashindano ukakaribia. Jumamosi moja mchana, mvua zikiwa zimeanza kukatika, alitandika mkeka barazani akamwaga visahani vyake vyote juu yake ili achague vya kubeba mwaka huo. Jirani yake, mchezaji mwenzake wa miaka mingi, akaja kumsaidia, maana kazi hiyo ina ubishi wake na ubishi unataka watu wawili. Walivipanga kwa rangi na kwa kazi. Hiki cha upepo kinakwenda. Hiki kimepasuka ukingo, sheria haikiruhusu, weka pembeni. Hivi viwili vinafanya kazi moja, chagua kimoja. Kila kilichochaguliwa baba alikichukua, akachovya pamba kwenye spiriti, akakisugua mgongoni.

Jirani akamtazama. "Unafuta nini, Baba Nakiete?"

"Usiniite hivyo."

"Nimekuita hivyo miaka ishirini."

"Basi ishirini inatosha." Akaendelea kusugua. Maneno yale ya zamani yalitoka meusi kwenye pamba, na juu ya mahali palipotakata akaandika jina lake la kwenye kitambulisho na namba mpya.

Jirani akashika kisahani cha kijani, kile pacha kilichobaki. Kilikuwa kimekwaruzika kila upande, laini kama sikio la mbuzi. "Hiki umekisahau."

"Sijakisahau. Hiki hakiendi."

"Mwenzangu, hiki ndicho kinachokutoa kichakani! Nani asiyejua? Ukikwama huwa unanyoosha mkono kukitafuta hiki hata bila kutazama."

"Kimechoka. Msimu huu nataka mkoba mwepesi."

Jirani akakigeuza mkononi, kisha akauliza lile lililokuwa kooni. "Na yeye, hii namba mpya anayo?"

Baba akafunika chupa ya spiriti. "Tulikuwa tunazungumza habari za visahani," akasema. Kile cha kijani akakiweka juu ya kabati bila kuyafuta maandishi yake, akafunga mkoba, akaupima begani. Ulikuwa mwepesi kweli.

Wapendwa, mtazameni mtu huyo hapo mkekani. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu. Aliketi mchana kutwa akihakikisha kwamba hakuna plastiki yake hata moja itakayopotea ikakosa njia ya kurudi nyumbani. Kila kipande alikipa jina, alikipa na namba ya baba yake. Mtoto aliyemzaa alimnyang'anya vyote viwili, kwa pamba na spiriti.

Na msimu ulikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloumiza, kwamba mambo yalimnyookea. Mkoba mwepesi haukumchosha, visahani vipya vilitii, alishinda hapa, akawa wa pili kule. Akasema moyoni, unaona? Mungu hajanikasirikia. Hatupendi sisi kuhesabu mafanikio kama msamaha?

Mashindano ya mwisho yalifanyika katika mji wa bondeni. Ndiyo, mji ule ule. Alijua binti yake yuko huko mahali fulani, na mchana kutwa, kila mwanamke kijana aliyepita pembeni ya uwanja alimfanya ageuze shingo. Alijiambia anatazama upepo. Hata hivyo alicheza vizuri, na jioni ilipoanza kuingia alikuwa ameketi hemani pamoja na jirani yake, akifuta tope kwenye visahani, akingoja kuitwa kupokea kombe.

Kipaza sauti kikakohoa. "Baba Nakiete! Baba Nakiete, popote ulipo, njoo mezani. Kisahani chako kimeokotwa."

Jirani akaacha alichokuwa akifanya. Baba akaendelea kufuta.

"Baba Nakiete! Kisahani chako cha kijani!"

"Unaitwa," jirani akasema.

"Siitwi mimi. Mimi sijapoteza kisahani."

"Hapa uwanjani kuna nani mwingine mwenye jina hilo?"

Kikaita mara ya tatu. Baba akainuka, kitambaa kikiwa bado mkononi, na jirani akamfuata kwa nyuma. Njia nzima, moyo wake ulikuwa na furaha ya woga. Amekuja, alijiambia. Amesikia niko hapa, amekiacha mezani kama salamu, amejificha nyuma ya hema ananitazama. Akaanza hata kutafuta atasema nini. Ataanza kwa kumgombeza kidogo, kisha atacheka.

Mezani hakukuwa na Nakiete. Kulikuwa na mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge, amekishika kisahani cha kijani kwa mikono miwili. Katikati yake kilikuwa na alama ya duara nyeupe, kama ya kikombe kilichowekwa juu yake kila siku.

"Habari za jioni, baba," mwanamke akasema. "Hawa vijana hawakunielewa. Mimi sikuokota kitu. Hiki ni kifuniko cha ndoo ndogo ya maji ya mpangaji wangu. Leo nimepita hapa nikaona watu wanarusha vifuniko kama hiki, nikarudi nyumbani mbio kukichukua. Nikasema, huenda miongoni mwao yumo anayemjua mtu aliyeandikwa hapa. Wewe ndiye Baba Nakiete?"

Alikuwa amelikataa jina hilo msimu mzima. Sasa hakuwa na jingine la kujibia. "Ndiye mimi. Yuko wapi?"

Mwanamke akamtazama jirani, kisha akatazama chini. "Kaa kwanza, baba."

Hakukaa. Mwanamke akaeleza amesimama, polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo mzito asije akauvunja. Simu ya binti ilishauzwa wakati wa shida, kwa hiyo alikuwa akiazima ya kwake. Namba ya baba hakuwa na haja ya kuitazama popote, alikuwa nayo kichwani tangu utoto.

"Alikuwa akipiga kwa simu yangu. Haipiti. Nikamwambia, mwanangu, labda baba yako amebadilisha namba. Akanicheka. Akasema, 'Mama, baba hawezi kubadilisha namba hii. Ameiandika kwenye visahani vyake vyote. Akibadilisha, vikipotea vitarudije?' Akasema simu yako itakuwa imeharibika tu, ukitengeneza utapatikana. Kila jioni alijaribu tena."

Baba akanyoosha mkono, akakichukua kisahani.

"Masika yalipoanza akashikwa na homa. Ikampanda kichwani. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hatambui mtu. Nesi akauliza, ndugu zake wako wapi? Mimi sijui kijiji, sijui ukoo. Nikakumbuka kifuniko. Nikarudi kukichukua, nikasimama pale wodini namsomea nesi namba, yeye anabonyeza. Mteja unayempigia hapatikani. Tukangoja, tukarudia. Alipofariki tukarudia tena, tukamweka tukikungoja, mpaka wakasema hawawezi kumweka zaidi. Tukamzika sisi wa mtaani, baba. Tulimzika kwa nyimbo, maana alikuwa akiimba kwaya kwetu. Utusamehe kama tulikosea kitu."

Utusamehe, anasema. Yeye ndiye aliyemwomba msamaha.

Kipaza sauti kikaita jina jingine, lile la kwenye kitambulisho, aje apokee kombe. Hakulisikia. Jirani ndiye aliyemshika mkono, wakamfuata yule mama hadi makaburini. Udongo ulikuwa umeshashuka kwa mvua na majani yameanza kuota. Msalaba wa mbao ulikuwa na neno moja tu, Nakiete.

"Tulitaka tuandike na jina la baba yake," mwanamke akasema, "lakini pale kwenye kifuniko tulikuta limeandikwa hilo hilo lake."

Baba akapiga magoti. Alikuwa na kisahani mkononi, na maandishi yakimtazama: Ukiniokota, mpigie Baba Nakiete. Watu wawili wale walingoja alie, hakulia. Walingoja aombe, hakuomba. Mwishowe likatoka neno moja, dogo, la sauti ya besi iliyopasuka.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Wapendwa, mnalia. Lieni, mimi nitangoja.

Sasa tuseme ukweli. Sisi hatuchezi visahani, lakini mikoba tunayo, na kila mwaka tunaimwaga mkekani na kuchagua. Huyu anakwenda nami. Huyu amenichosha, weka juu ya kabati. Kaka yangu tuligombana kwenye matanga ya mama, namba yake nimeifuta. Binti yangu aliniaibisha, mbele yangu asitajwe. Tunasema tunataka amani. Tunataka mkoba mwepesi, basi, na amani si kitu hicho. Amani ina uzito wake na inabebwa.

Na tusijidanganye kwamba tutakapokuwa tayari watakuwapo wakitungoja. Baba huyu alikuwa na hotuba yake tayari alipokuwa akienda mezani, mnakumbuka? Alishapanga atagombeza kidogo kisha atacheka. Msamaha wake ulikuwa umeiva. Uliiva jioni ile, na mtoto alikuwa ardhini tangu masika. Ni wangapi kati yetu tuna msamaha wa namna hiyo, mtamu kabisa, tumeuficha tukingoja mwenzetu atutafute kwenye namba tuliyoivunja wenyewe?

Mahali fulani leo kuna mtu anayekutetea. Anamwambia mwenye nyumba wake, mama yangu si mtu wa hivyo, baba yangu hawezi, simu yake itakuwa imeharibika tu. Anakusemea uongo mzuri kila jioni, na yeye hajui kuwa ni uongo. Mimi namwomba Mungu asiujue kamwe. Namwomba leo uwe kweli.

Ibada ikiisha najua mtakimbilia chai. Wewe unayejijua, chai itakungoja. Toka hapo nje, simama karibu na ukuta, piga. Akipokea asiposema kitu, mwamkie wewe, hata kama ni mdogo kwako. Akisema shikamoo, usimwache hewani.

Tuinamishe vichwa tuombe. Na simu ya mtu ikilia sasa, kabla sijasema amina, asione haya. Aipokee.